Ramani ya Majivu ya Volkano Isiyokubaliana na Vipimo: Dalili, Sababu na Namna ya Kurekebisha

Anayekusanya kumbukumbu za majivu ya volkano hugundua matatizo yake akiwa mezani, siku anapoweka vipimo vyote kwenye ramani moja na kuona kwamba havisimulii mlipuko mmoja. Kituo hiki kina sentimita 6, jirani yake kina 2. Mstari wa unene sawa unajikunja mahali pasipo na mlima wala upepo wa kuukunja. Ujazo unaotoka kwenye hesabu ni mara kumi ya ule uliotarajiwa. Mwongozo huu unazifuata dalili za namna hiyo moja baada ya nyingine, unaeleza kinachozisababisha, na unaonyesha jinsi ya kutofautisha kosa la mpimaji na ukweli wa ajabu wa volkano yenyewe.

Nashauri kosa litafutwe kuanzia kwenye daftari la uwandani kuelekea kwenye kompyuta, wala si kinyume chake, kwa sababu programu ya ramani huchora inachopewa. Ramani nyingi hunyooshwa kwa kubadilisha mipangilio ya programu, ilhali kosa lenyewe ni mstari mmoja wa jedwali ambamo milimita ziliandikwa kana kwamba ni sentimita.

Istilahi nitakazotumia ni chache. Vitu vyote vilivyorushwa na mlipuko na kuanguka kutoka hewani vinaitwa tefra. Chembe zilizo chini ya milimita 2 ni majivu, zilizo kati ya milimita 2 na 64 ni lapili, na zinazozidi hapo ni mabonge au mabomu ya volkano.

Vituo viwili vya jirani vinatofautiana mno

Hii ndiyo dalili inayojitokeza mara nyingi kuliko zote, na aghalabu vituo vyote viwili viko sahihi, isipokuwa kila kimoja kimepima kitu tofauti. Majivu mapya na makavu hulala kama unga uliopepetwa, yakiwa na hewa nyingi katikati ya chembe. Mvua moja ikinyesha, chembe hushikamana na tabaka hushuka, hata unene ukaweza kupungua hadi karibu nusu bila gramu moja kuondoka. Aliyepima asubuhi kabla ya mvua na aliyepima jioni baada ya mvua wataandika namba mbili kwa majivu yaleyale, na hakuna kontua, yaani mstari wa unene sawa, itakayowapatanisha.

Dawa yake ni kupima uzito kwa kila eneo, si unene peke yake. Chukua sinia lenye kingo, tuseme la sentimita 30 kwa 40, yaani mita za mraba 0.12, uliweke mahali tambarare palipo wazi. Majivu yakishaanguka, yakusanye yote kwa brashi laini, yakaushe, kisha yapime kwenye mizani. Yakiwa gramu 180, gawanya kilo 0.18 kwa 0.12, nawe utapata kilo 1.5 kwa kila mita ya mraba. Ikiwa kabla ya kuyakusanya ulichomeka rula ukasoma milimita 2, basi densiti ya tabaka ilikuwa kilo 750 kwa mita ya ujazo, na sasa unayo namba ya kugeuzia unene wa vituo vingine vilivyopimwa siku hiyohiyo katika hali ileile ya ukavu. Uzito huo haubadiliki kwa mvua, mradi sinia halikufurika. Asiyekuwa na sinia anaweza kupima mraba wa sentimita 20 kwa 20 juu ya sakafu ya saruji, meza ya nje au boneti ya gari lililokuwa limeegeshwa tangu kabla ya mlipuko, akakwangua kila chembe iliyomo ndani ya mraba huo kwa kipande cha kadi.

Namba ya uzito ina faida nyingine isiyohusiana na ramani. Paa halijali unene wa majivu bali mzigo wake, na sentimita 10 za majivu yaliyolowa, yenye densiti ya kilo 1,500 kwa mita ya ujazo, ni kilo 150 juu ya kila mita ya mraba. Tarehe 15 Juni 1991, Mlima Pinatubo wa Ufilipino ulipofikia kilele cha mlipuko wake, tufani iliyoitwa Yunya ilikuwa ikipita palepale, majivu yakalowa mvua, na wengi wa waliokufa siku hizo waliangukiwa na mapaa. Kumbukumbu iliyoandika unene pekee bila kusema kama majivu yalikuwa makavu au mabichi haitoshi kwa mhandisi anayetaka kujua paa lilishindwa na mzigo gani.

Ikiwa hali ya unyevu ilikuwa sawa na bado vituo havikubaliani, tazama mahali pa kipimo. Chini ya mti, matawi hushika sehemu ya majivu na kuyaangusha baadaye kwa mafungu. Kando ya ukuta, upepo hurundika. Kwenye paa lenye mteremko, majivu huteleza. Mahali panapofaa ni tambarare, wazi, mbali na majengo na barabara, na hata hapo ni vizuri kupima mara tano ndani ya hatua chache na kuandika namba zote tano. Mpimaji anayeleta wastani pekee amemnyima msomaji wake habari muhimu kabisa, yaani kiasi cha mtawanyiko wa vipimo vyake.

Kwa matabaka ya kale yaliyofukiwa udongoni, mambo huwa magumu zaidi. Safisha ukuta wa shimo kwa mwiko mpaka mpaka wa chini uonekane wazi. Mara nyingi huo wa chini ni mkali kama mstari uliochorwa, kwa kuwa majivu yaliifunika ardhi kwa ghafla, ilhali wa juu umefifia, kwani mizizi, minyoo na maji vimeuchanganya na udongo ulioota baadaye. Palipo na dalili kwamba sehemu ya juu ilimomonyoka, unene uliopimwa ni kiwango cha chini tu cha unene wa awali, na lazima uandikwe hivyo kwenye safu yake, kwa maneno, ili mchoraji asiuchukulie kama kipimo kamili.

Hakikisha pia kwamba unachopima kilianguka kutoka hewani. Majivu yaliyoanguka hufunika vilima na mabonde kwa unene unaokaribia kuwa sawa, kama shuka juu ya kitanda kisichotandikwa vizuri. Mtiririko wa gesi na majivu ya moto, unaoshuka kwa kasi kwenye miteremko ya volkano, hujaza mabonde na kuacha kidogo sana juu ya matuta, na mara nyingine huacha mkaa wa miti na tabaka-tabaka zilizolala mshazari. Ukiweka unene wa bonde lililojazwa na mtiririko kwenye ramani ya majivu yaliyoanguka, ramani yote itaharibika kwa kituo hicho kimoja.

Unene unaongezeka mbali na volkano badala ya kupungua

Kwa kawaida tabaka hupungua unene, na chembe zake hupungua ukubwa, kadiri unavyokwenda mbali na chanzo kwa kufuata upepo. Ukiona kinyume, usikimbilie kuifuta namba. Mlima St. Helens wa Marekani ulipolipuka tarehe 18 Mei 1980, majivu yalipungua kuelekea mashariki kama ilivyotarajiwa, kisha yakaongezeka tena karibu na mji wa Ritzville, takriban kilomita 300 kutoka kwenye volkano. Chembe laini sana, ambazo kila moja peke yake ingeelea hewani kwa muda mrefu, zilishikana zikawa vishada, na vishada hivyo vikaanguka mapema kuliko ambavyo ukubwa wa chembe mojamoja ungeruhusu. Wapimaji waliozitunza namba za Ritzville, badala ya kuzinyoosha zifuate mkunjo uliotarajiwa, ndio waliotuwezesha kuuelewa ushikamanaji huo.

Utaujuaje ukweli wa namna hii na kuutofautisha na kosa? Kwanza, ongezeko la kweli hujitokeza kwenye vituo kadhaa vilivyo jirani, katika ukanda unaoeleweka, wala si kwenye kituo kimoja kilichotengwa. Pili, chembe zake huwa laini, na mara nyingi mchanganyiko wake una makundi mawili ya ukubwa, moja la chembe zilizoanguka kivyake na jingine la zile zilizoanguka kwa vishada. Tatu, vishada vyenyewe huweza kuonekana kwa macho kama vijipunje vya mviringo, ingawa mara nyingi huvunjika vinapogusa ardhi, na kwa hiyo kukosekana kwake si ushahidi wa lolote.

Kituo kikiwa peke yake, shuku majivu yaliyohamishwa. Tia kidole kwenye tabaka na uyasugue: majivu yaliyosombwa na maji mara nyingi yamechanganyika na udongo, vipande vya majani au vijiwe vya mahali hapo, na chembe zake zimepoteza ncha zake kali. Angalia pia umbo la ardhi, kwa maana sehemu za chini za miteremko na mashimo ya asili hupokea majivu ya eneo kubwa kuliko lao lenyewe. Ziwa nalo hufanya vivyo hivyo, maana mito huleta majivu ya bonde zima hadi kwenye mashapo yake. Tabaka la sentimita 5 chini ya ziwa halimaanishi kwamba sentimita 5 zilianguka juu ya maji.

Sababu ya tatu ni milipuko miwili iliyohesabiwa kama mmoja. Tafuta mstari mwembamba wa udongo, mizizi au mboji katikati ya tabaka, hata ukiwa wa milimita chache tu, kwa sababu udongo hauoti hewani na uwepo wake unamaanisha kwamba ardhi ilipata muda wa kupumzika.

Majivu yameangukia upande usiotarajiwa

Hapa mara nyingi kosa si la ramani bali la upepo aliouwazia mchoraji. Barbados iko mashariki ya St. Vincent, na pepo za chini katika sehemu hiyo ya Karibiani huvuma kutoka mashariki, kwa hiyo mtu angetegemea majivu ya volkano ya La Soufrière yaende magharibi, baharini. Lakini Aprili 2021 Barbados ilifunikwa na majivu yake, kama ilivyokuwa mwaka 1812 na 1902, kwa kuwa wingu la mlipuko mkubwa hupanda hadi kwenye tabaka za anga ambako upepo huvuma kuelekea upande mwingine kabisa. Kabla ya kulishuku tawi la ramani linaloelekea kusikofaa, tafuta kumbukumbu za upepo wa kila kimo hadi kilomita 20 au zaidi kwa saa za mlipuko, na ujiulize kama mlipuko ulikuwa na awamu dhaifu na awamu kali. Ramani yenye ndimi mbili mara nyingi ni ramani ya awamu mbili, na vituo vilivyo katikati ya ndimi hizo huwa na tabaka mbili zinazotofautiana rangi au ukubwa wa chembe, jambo linalofaa kuandikwa hata kama kila moja ni milimita chache.

Saa nazo hupotosha. Mashahidi hutaja saa za kwao, mitambo ya upepo hurekodi saa za kimataifa, na kwa wale wanaotoa ushahidi kwa Kiswahili kuna mtego mwingine: "saa tatu asubuhi" ya shahidi ni saa 9:00 ya jedwali, na mnakili asiye makini huandika 3:00, akalifanya wingu lifike kijijini saa sita kabla ya kufika kweli. Andika maneno ya shahidi kama alivyoyasema kwenye safu moja, na saa uliyoikokotoa kwenye safu nyingine.

Programu inachora miduara, unene hasi au mpaka mkali wa sifuri

Miduara midogo inayozunguka kituo kimojakimoja ni alama ya programu iliyolazimishwa kupita katika kila namba kana kwamba hakuna kosa la kipimo. Unene hasi hutokea pale mkunjo unaposhuka kwa kasi kutoka sentimita nyingi hadi chache na kupitiliza chini ya sifuri. Vyote viwili hupungua sana ukifanya hesabu kwa logi ya unene badala ya unene wenyewe, kwa kuwa unene wa majivu hupungua kwa uwiano, yaani kwa nusu na nusu nyingine, wala si kwa kiasi kilekile kila kilomita. Mimi hupendelea kuchora kwanza kwa mkono, kwa penseli, nikiwa na ramani ya miinuko na habari za upepo pembeni, kisha nalinganisha na mchoro wa kompyuta. Panapotofautiana ndipo panapohitaji kurudiwa uwandani.

Kuhusu sifuri, kosa kubwa ni kuchanganya "hakuna majivu" na "hakuna aliyetazama". Kituo ambako mtu alitafuta majivu asiyapate kina thamani sawa na kituo chenye sentimita 10, maana bila hivyo mstari wa nje wa ramani hauna cha kuushikilia. Kwa hiyo jedwali liwe na maneno matatu tofauti: sifuri iliyothibitishwa, vumbi lililoonekana lakini likashindwa kupimika kwa kuwa chini ya milimita 1, na mahali pasipo taarifa. Nafasi iliyoachwa wazi isisomwe na programu kama sifuri; hili hutokea kimyakimya faili inapohamishwa kutoka programu moja hadi nyingine. Na mstari wa "unene sifuri" usichorwe kabisa, kwani majivu hayaishii kwenye mstari. Chora hadi kwenye kiwango cha mwisho unachoweza kukitetea.

Ujazo uliokokotolewa hauaminiki

Njia inayotumika sana huchukua eneo lililo ndani ya kila mstari wa unene sawa, hutafuta kipeuo chake cha pili, na kuweka kwenye grafu logi asilia ya unene dhidi ya kipeuo hicho. Nukta zikipangika kwenye mstari mnyoofu, unene wa juu kabisa T na kasi ya kupungua k hupatikana kutoka kwenye grafu, na ujazo ni 2T gawanya kwa k ya kipeo cha pili. Chukua mfano wa unene wa sentimita 100 ndani ya kilomita za mraba 100, sentimita 50 ndani ya 400, na sentimita 25 ndani ya 900. Vipeuo ni kilomita 10, 20 na 30, na unene unapungua kwa nusu kila kilomita 10, kwa hiyo k ni takriban 0.0693 kwa kilomita na T ni mita 2, yaani kilomita 0.002. Ujazo unatoka takriban kilomita za ujazo 0.83.

Sasa kosa la kwanza linaonekana: asiyegeuza mita 2 kuwa kilomita 0.002 hupata namba ya kuchekesha na kuitambua mara moja, lakini aliyekosea k kidogo hataona lolote, na kwa kuwa k iko kwenye kipeo cha pili, kosa la asilimia 10 hapo huwa kosa la takriban asilimia 20 kwenye ujazo. Hakiki kwanza maeneo, hasa ya mistari ya nje inayopita juu ya bahari, ambako mara nyingi hakuna hata kipimo kimoja na mchoraji ameongozwa na macho yake.

Kosa la pili ni la mbali. Nukta za karibu zinaweza kupangika vizuri kwenye mstari mmoja, kisha zile za mbali zikalala kwenye mstari mwingine wenye mteremko mdogo. Anayepima ukaribu wa volkano pekee hukosa majivu laini yaliyosambaa kotekote, na ujazo wake huwa mdogo kuliko ukweli. Tumia vipande viwili au mkunjo unaoruhusu mteremko kubadilika, na utoe namba ya chini na ya juu, kwa maana namba moja pekee hapa inaahidi uhakika usiokuwepo.

La tatu ni kuchanganya ujazo wa majivu na ujazo wa magma, yaani mwamba ulioyeyuka, iliyoyazaa. Zile kilomita 0.83, zikiwa na densiti ya kilo 1,000 kwa mita ya ujazo na zikigeuzwa kuwa mwamba usio na matundu wa kilo 2,500, hubaki takriban 0.33. Kipimo cha ukubwa wa milipuko kilichopendekezwa na Newhall na Self mwaka 1982, ambacho ngazi yake ya 5 huanzia kilomita moja ya ujazo na ya 6 kilomita 10, kinahesabu tefra kama ilivyolala, si magma. Aliyeingiza ujazo wa magma kwenye kipimo hicho anaweza kuushusha mlipuko ngazi nzima bila kujua.

Mlipuko mmoja umesajiliwa mara mbili, au tabaka moja lina umri miwili

Ukikusanya kumbukumbu kutoka maandiko ya miongo mingi, tatizo hili halikwepeki. Majivu ya Mlima Mazama, ambao kuporomoka kwake kuliacha kaldera, yaani shimo kubwa la volkano iliyoporomoka, ya Crater Lake nchini Marekani, yametajwa katika maandiko ya zamani kuwa na umri wa takriban miaka 6,800, na katika maandiko ya karibuni takriban miaka 7,600. Mlipuko ni uleule. Namba ya kwanza ni miaka ya kaboni mionzi isiyosawazishwa, yaani ambayo haijageuzwa kuwa miaka halisi, na ya pili ni miaka ya kalenda. Jedwali lenye safu moja tu iliyoandikwa "umri" litageuza tukio moja kuwa mawili yaliyoachana kwa karne nane. Kila umri uandikwe pamoja na njia iliyotumika, kiasi cha shaka, kama umesawazishwa, na mwaka unaohesabiwa kuwa mwanzo, kwa kuwa kwa kaboni mionzi "sasa" ni 1950.

Umri pia hudanganya pale sampuli inapokuwa na chembe zisizo za mlipuko huo. Katika bonde la Turkana nchini Kenya, tabaka la majivu linaloitwa KBS lilipewa umri wa miaka milioni 2.61 katika matokeo yaliyochapishwa 1970, na KNM-ER 1470, fuvu la jamii ya binadamu wa kale lililopatikana 1972 chini ya tabaka hilo, likaonekana kongwe kuliko lilivyo. Walioyachunguza mabaki ya nguruwe wa kale walikataa, kwa sababu wanyama hao walilingana na wale wa matabaka machanga zaidi. Ubishi ulidumu kwa miaka, hata vipimo vya karibu na 1980 vilipoonyesha umri wa takriban miaka milioni 1.9. Majivu hayo yalikuwa yamesombwa na mto na kuchanganyika na fuwele za miamba ya zamani. Dalili iliyopaswa kuwaonya mapema ni ileile tunayoitazama hapa: kipimo kizuri cha maabara kisichokubaliana na kila kitu kilicholizunguka tabaka. Ikitokea kwako, rudi kwenye tabaka, chagua mabonge ya pumisi, yaani jiwe jepesi la volkano lenye matundu, badala ya majivu yaliyolegea, na uombe kila fuwele ipimwe peke yake.

Kemia ya kioo hailingani na ya kituo kingine

Majivu mengi yana vipande vya kioo, yaani magma iliyoganda kwa ghafla, na kemia ya kioo hicho ndiyo alama ya utambulisho inayotegemewa zaidi. Kwa njia hiyo, tabaka la Tulu Bor la Turkana lilitambuliwa kuwa ndilo tabaka la Sidi Hakoma la Hadar nchini Ethiopia, mamia ya kilomita kaskazini. Mwaka 2013 ikatangazwa kwamba vipande vya kioo kutoka Toba, Sumatra, mlipuko wa takriban miaka 74,000 iliyopita, vimepatikana kwenye mashapo ya Ziwa Malawi, takriban kilomita 7,000 kutoka chanzo chake, vikiwa vidogo na vichache kiasi cha kutoonekana kwa macho.

Matokeo ya maabara mbili yasipolingana, tazama kwanza jumla ya asilimia za oksidi zote zilizopimwa kwenye kioo. Kioo hufyonza maji ya ardhini kadiri miaka inavyopita, na jumla hushuka ikawa 95 kwa mia au chini ya hapo. Maabara moja huzipandisha namba zote hadi 100, nyingine huziacha. Weka zote mbili. Kisha tazama sodiamu, maana mwale wa elektroni ulio mwembamba na mkali huifukuza kutoka kwenye kioo wakati wa kupima, na sampuli ikaonekana maskini wa sodiamu kuliko ilivyo. Kama maabara zote zilipima kioo kilekile cha kulinganishia, kwa mfano obsidiani (kioo cha asili cha volkano) ya Lipari, tofauti itajulikana ni ya mashine au ya mlima. Na usitumie wastani kabla ya kuona vipande vyote kwenye mchoro mmoja: makundi mawili yaliyotengana yanaweza kuwa magma mbili za mlipuko mmoja au milipuko miwili iliyochanganyika, na wastani wake ni kemia ya kitu kisichokuwepo.

Majivu yanaripotiwa ilhali hakuna mlipuko

Usiifute taarifa, wala usiisajili kama mlipuko. Majivu ya Novarupta huko Alaska, yaliyoanguka mwaka 1912, bado hupeperushwa na upepo mkali zaidi ya miaka mia baadaye na kufika hadi kisiwa cha Kodiak. Weka safu inayosema kama majivu yalianguka moja kwa moja au yaliinuliwa upya, na uangalie kimo cha wingu, kwani vumbi linaloinuliwa na upepo hukaa chini na huanzia kwenye eneo pana, si kwenye tundu la volkano.

Jedwali lenyewe lina kasoro

Kwa mapana, kasoro za jedwali ni za vizio, mahali na jina. Inchi moja ya kitabu cha zamani ni milimita 25.4. Viwianishi vilivyosomwa kwenye ramani za zamani vinaweza kuhama kwa mamia ya mita vikiwekwa kwenye mfumo wa GPS bila kugeuzwa, jambo dogo kilomita 200 kutoka kwenye volkano na kubwa sana kwenye kilomita 3. Volkano moja ina majina kadhaa na tahajia nyingi, kwa hiyo tumia pia namba yake katika orodha ya Global Volcanism Program ya taasisi ya Smithsonian.

Sampuli nazo zina jedwali lake. Zile za kuchunguza chumvi na floridi zinazoyeyuka majini zikusanywe kabla ya mvua, zifungwe zikiwa kavu, na mkusanyaji avae barakoa inayobana vizuri usoni, kwa kuwa chembe zilizo laini kuliko zote huingia hadi ndani ya mapafu. Sampuli iliyonyeshewa iandikwe hivyo. Haifai tena kwa uchunguzi huo, ingawa bado inafaa kwa kioo na ukubwa wa chembe.

Unapogundua kosa, usiandike juu ya namba ya zamani. Iache ilipo, ongeza safu ya namba iliyosahihishwa, tarehe ya usahihishaji, jina la aliyesahihisha, na sentensi moja inayoeleza sababu, mfano: "Daftari linasema mm, jedwali la awali lilisema cm." Miaka kumi baadaye, atakayekuja na kipimo kipya kutoka shimo la jirani ataweza kuona ni ipi kati ya namba hizo mbili iliyosomwa kwenye rula na ni ipi iliyozaliwa mezani.